Reli ya Voi juu ya meza: kumbukumbu ya mwezi wa tano wa ujenzi

Jumamosi

Nimeng'oa reli yote ya upande wa Mombasa kwenye modeli yangu ya reli ya Voi. Niliitandika mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, na kufikia Agosti ilikuwa imebenuka penye kiungio hadi mabehewa yanaanguka. Nilidhani ni joto. Nikapiga hesabu: hapa Changamwe chumba kikipanda nyuzi 8, reli ya urefu wa sm 244 hurefuka kama theluthi moja ya milimita tu. Hiyo haiwezi kubenua kitu. Kosa ni la plaiwudi. Ilikunywa unyevu wa masika, ikaja kukauka na kunywea, na reli ikakosa pa kwenda.

Sasa ubao umepakwa rangi ya mafuta juu, chini na kwenye kingo. Kingo ndizo hunywa maji zaidi, na ndizo nilizoziruka mwanzo. Kila kiungio nimekiachia mwanya wa unene wa kadi ya benki.

Kwa wanaoniuliza kwa nini upana wa njia yangu ni milimita 12: reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Gawanya kwa 87, kipimo cha modeli za HO ninachotumia, unapata 11.5, kwa hiyo 12 inakaribia sana. Ukitumia reli ya kawaida ya HO, ya milimita 16.5, umejenga SGR, ile reli mpya iliyo pana zaidi. Injini za Garratt, zile kubwa za mvuke za zamani, zitapoteza sura yake kabisa, maana uzuri wake ni lile jitu kubwa likipita juu ya reli nyembamba.

Zamani vifaa vya milimita 12 vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Kampuni ya modeli ya Hornby walipoleta TT:120, modeli za kipimo cha 1:120, mwaka 2022, mambo yakafunguka: reli, magurudumu na mota za upana huohuo zipo, hata za mitumba. Mataruma yake, yale yanayolala chini ya reli, yanakaribia yetu kwa urefu, ila yamebanana mno. Mimi hukata vijiti vya plastiki vinavyoyaunganisha, nikayasogeza hadi milimita 8 kutoka moja hadi jingine. Ni kazi ya jioni nzima kwa kipande kimoja, na inalipa.

Jumatano usiku

Umeme. Ninatumia DCC-EX, programu ya bure ya kuendeshea injini za modeli, inayokaa kwenye Arduino Mega (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye bodi ya kuendeshea mota. Kila injini ina dikoda, kifaa kidogo cha kupokea amri, na namba yake, kwa hiyo mbili zinaweza kusimama kwenye reli moja na ikaondoka ninayoiita. Ukitumia bodi ya mota iliyotengenezwa na Arduino wenyewe, geuza nyuma uikate njia iliyoandikwa Vin kabla hujaunganisha umeme wa reli, la sivyo volti hizo zinapanda hadi kwenye Arduino na kuiunguza.

Usitegemee viungio kupitisha umeme. Kila kipande cha reli nimekilehemu waya wake, unaoshuka hadi kwenye waya mnene chini ya meza. Kisha nikajaribu kwa sarafu: unailaza shilingi kumi juu ya reli mbili, mahali pa mbali kabisa, na mtambo unatakiwa ukate umeme papo hapo. Kwenye njia ya kuelekea Taveta haukukata. Waya wangu ulikuwa mwembamba. Nimebadilisha, sasa unakata kila ninapogusa.

Injini ndogo ya dizeli nimeitia kapasita, ya kuweka akiba ya umeme kidogo, pembeni ya dikoda. Ilikuwa inakwama kila penye uchafu kwenye swichi ya reli, pale njia zinapogawanyika. Leo imepita polepole, mwendo wa mtu anayetembea, na taa haikupepesa hata mara moja.

Jumapili

Mzee jirani yangu, mstaafu wa reli, alikuja kuona. Nikamwamkia, akainama, akatazama kimya muda mrefu.

"Mwanangu, haya mataruma umeyapaka rangi ya mbao. Yetu yalikuwa ya chuma."

Nimeyapaka upya yote, rangi ya kutu iliyochanganywa na kijivu kidogo. Udongo nilikuwa nimeuleta Voi kwenyewe, ule mwekundu wa Tsavo. Nikaukausha juani na kuuchekecha kwa chujio la chai. Halafu nikapitisha sumaku ndani ya karatasi: ilitoka na manyoya meusi. Hizo ni chembe za chuma, na zikiingia kwenye mota zinaiua. Rudia hadi sumaku itoke safi. Ndipo nikanyunyiza, nikalowesha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikadondoshea gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni maji hukaa juu kama vidonge.

Ganda la Garratt ya aina ya 59 limetoka kwenye printa ya 3D ya rezini, vipande vitatu. Injini yenyewe ilizidi mita 31. Yangu ina sm 36. Nimeisukuma kwa mkono kwenye kona ya Taveta, tangi la mbele likagusa nguzo ya ishara. Wiki ijayo nguzo inahama.