Nilivyozipanga picha za jangwa, na ile niliyoiua kwenye beseni

Nianze kwa kuungama: picha nzuri kuliko zote niliiua mwenyewe, kwenye beseni la kufulia, usiku wa Alhamisi, kwa ushauri niliopewa bure.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo Cairo, na kila nikipata upenyo nilishuka Ezbekiyya kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba. Siku hiyo nilifuata kamusi. Nikarudi na sanduku la viatu lililojaa postikadi na picha za zamani, na juu yake albamu moja iliyovunjika mgongo. Piramidi, Sphinx (lile sanamu kubwa la simba mwenye kichwa cha mtu), misafara ya ngamia, Mabedui mbele ya mahema yao, visima, hekalu la Philae. Mia mbili na ushee kwa jumla. Mzee mwenye kibanda, sote tukimwita Hajj, alianza na bei ya kunicheka. Chai ya pili ilipokwisha nilikuwa nimelipa pauni mia tatu na kitu, na hela ya kamusi ikawa imekwenda.

Nilichotaka ni kitu kimoja tu: kuzipanga kwa miaka, ya kale ianze, ya karibuni imalizie. Kila niliyemuuliza alinipa jibu lile lile: geuza nyuma, soma muhuri wa posta. Ushauri huu mpaka leo unanipandisha hasira. Kwanza, zaidi ya nusu ya kadi zangu hazikuwahi kutumwa. Watalii walizinunua wakazirundika kwenye albamu. Pili, zile zilizotumwa ndizo zilizonipoteza. Nilikuwa na kadi ya Sphinx yenye stempu ya Mfalme Fuad, na stempu za Fuad zilianza kutoka mwaka 1923, basi nikaandika 1923 kwa raha zangu. Kumbe picha yenyewe ilikuwa ya zamani zaidi. Wachapishaji wa kadi walikamua negativu moja, ile picha mama ya kuchapia, miaka nenda miaka rudi, maana piramidi haihami. Muhuri unakuambia siku kadi iliyoingia posta, basi. Kumkadiria mtu umri kwa kanzu aliyonunua jana ni kazi hiyo hiyo.

Nyuma ya kadi pana msaada mmoja tu wa maana. Ukikuta upande mzima umeachiwa anwani, bila mstari wa katikati, hiyo kadi ni ya mwanzo mwanzo. Uingereza iliruhusu mstari huo mwaka 1902, Ufaransa na Ujerumani zikafuata, na kufikia 1907 karibu kila mahali watu walikuwa wakiandika ujumbe kushoto na anwani kulia. Kabla ya hapo ujumbe ulibanwa mbele, pembeni mwa picha. Ninayo moja ambayo mwandishi aliishiwa nafasi akamalizia salamu zake juu ya tumbo la ngamia.

Sasa beseni.

Picha za ndani ya albamu zilikuwa zimegandishwa kwa gundi pembe zote nne, na mimi nilitaka kuona migongo. Mwenzangu wa chumbani, siku hizi ni imamu na jina lake namhifadhia, akaniambia: "Loweka tu, sheikh wangu. Maji ya uvuguvugu, gundi inaachia yenyewe. Stempu si tunafanya hivyo hivyo?" Nikajaribu mbili za piramidi. Zikaachia kama ganda la yai. Nikavimba kichwa. Ya tatu ndiyo niliyoipenda kupita zote: mama wa Kibedui ameketi mlangoni mwa hema, ushungi wake umeshonewa sarafu safu kwa safu, na nyuma ya bega lake mtoto anachungulia kwa jicho moja. Nikaitia majini. Baada ya dakika kumi nikaigusa kwa kidole, na ile picha ikateleza. Si karatasi iliyoteleza, ni picha, utando laini kama malai ya maziwa, ukisogea juu ya karatasi. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi niliilaza kifudifudi juu ya gazeti "ikauke vizuri", nikaweka na sufuria ya wali juu yake isije ikajikunja.

Asubuhi nilipoibandua, nusu ilibaki gazetini. Mtoto alikuwa hayupo, na mama wa watu ana matokeo ya mpira usoni.

Imamu wetu akasema, "Labda maji yalizidi moto." Sikumsemesha mpaka Jumamosi.

Nilichojifunza kwa bei hiyo ni kwamba "postikadi" ni jina moja la vitu vitatu. Chukua lenzi, hata ile ndogo ya mafundi saa inatosha, utazame anga ya picha au shavu la mtu. Ukiona vitone vimepangwa kwa safu kama shanga, hiyo ni chapa ya mashine ya kawaida. Ukiona vijimikunjo vidogo vidogo visivyo na mpango, kama tope la bwawa lililokauka, hiyo pia ni chapa, lakini ya bamba la kioo lenye jelatini, kazi nzuri sana, na kadi nyingi za kabla ya vita vya 1914 ni za namna hiyo. Na usipoona kitu, rangi inatoka kwenye weusi kwenda kwenye weupe bila kukatika hata uchungulie vipi, hiyo ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya fotografia. Iinamishe karibu na taa: sehemu zake nyeusi, hasa pembezoni, mara nyingi zinang'aa kama fedha. Hiyo isionje maji. Picha imelala ndani ya jelatini, na jelatini ukiilowesha inavimba na kulainika.

Zilizobaki kwenye albamu nilizitoa kwa uzi wa kusafishia meno. Msiucheke. Uzi usio na nta, unauvuta ukakamae katikati ya vidole, unauingiza pembeni, halafu unakata taratibu kama msumeno, na ukifika penye ugumu unaacha karatasi ya albamu ing'ang'anie mgongo wa picha kuliko kulazimisha. Kadi moja ilinichukua karibu saa nzima. Sikuharibu hata moja, na yule imamu alikuwa akija kutazama mikono nyuma, kimya.

Turudi kwenye miaka. Nilikuwa na picha 31 za Sphinx, nikazitandaza kitandani. Akili ikaniambia: mchanga ndio saa. Picha yenye mchanga mpaka mabegani ni ya kale, ya kifuani ni ya baadaye, na ile inayoonyesha makucha yote ni ya juzi. Nikazipanga kwa kina cha mchanga, nikaandika na namba kwa penseli. Usiku kucha. Nilijiona profesa.

Asubuhi nikagundua kwamba moja niliyoiweka mwishoni, makucha nje kabisa na lile jiwe la maandishi katikati yake likionekana, ilikuwa na sahihi ya Zangaki pembeni. Hawa walikuwa ndugu wawili Wagiriki waliopiga picha Misri katika nusu ya pili ya karne ya 19. Karatasi yake nyembamba kama ganda la kitunguu, rangi imegeuka manjano ya chai. Haiwezekani iwe changa kuliko kadi za wanajeshi wa 1915. Mpango wangu wote ukaanguka.

Sababu ni nyepesi ukishaijua. Yule Sphinx amefukuliwa na kufukiwa mara nyingi. Caviglia alichimba 1817, Mariette akachimba katika miaka ya 1850, Maspero akachimba tena 1886, na kila walipoondoka upepo ulirudisha mchanga wake. Kwa hiyo makucha yanaonekana, yanapotea, yanaonekana tena. Mchanga haufuati kalenda.

Nikapanda basi mpaka Giza, aliko Sphinx mwenyewe, na kadi nne mfukoni. Nilisimama mbele yake, nikainua kadi, nikashusha, nikainua, walinzi wakinitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Ndipo nikaona. Kwenye kadi za zamani kichwa kimekaa juu ya shingo kama uyoga: kile kilemba cha kifalme kimemegeka pande zote mbili, na chini ya masikio mna pengo lenye kivuli. Huyu aliyesimama mbele yangu, pengo limejazwa, kilemba kinateremka mpaka mabegani. Nikaenda maktaba na jibu likawapo: Émile Baraize, aliyemfukua kati ya 1925 na 1936, alimtia saruji kichwani ili kisianguke. Mchanga unarudi, saruji hairudi nyuma. Pengo chini ya masikio, picha ni ya kabla ya kazi ile. Hakuna pengo, ni ya baadaye. Na ile kadi yangu ya Mfalme Fuad? Pengo la kuingiza mkono.

Kati ya 31, nane tu zilikuwa na saruji. Moja ya hizo nane ina ukuta wa magunia ya mchanga chini ya kidevu, na hiyo haina mjadala: ni miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, walipohofia mabomu.

Baada ya hapo nikawa natafuta saruji kila mahali, kwa maana ya kitu ambacho hakirudi nyuma. Philae ilinijibu upesi: bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika 1902 na maji yake yakaingia mpaka ndani ya hekalu, kwa hiyo ukiona mashua zinapita katikati ya nguzo za hekalu, uko baada ya mwaka huo. Wanajeshi wenye kofia za ukingo mpana waliopanda ngamia niliwaweka karibu na 1915, maana Waaustralia walipiga kambi Mena, chini ya piramidi, kuanzia Desemba 1914. Kadi zilizoandikwa nyuma Lehnert & Landrock, Cairo, kampuni ya picha ya watu wawili, ni za 1924 kuja huku, kwa sababu kabla ya hapo wale wawili walikuwa na duka Tunis. Lakini hapo napo angalia: picha nyingine walizipiga huko Tunisia na Algeria kabla ya vita, kisha wakaja kuziuza Misri. Tuta la mchanga halina pasipoti.

Watu ndio walionishinda. Nina mzee mmoja mwenye kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kwenye kadi moja maelezo ya Kifaransa yanamwita sheikh wa Kibedui, ameshika bunduki. Kwenye nyingine ni muuza maji, na kiriba begani. Zulia lile lile, pazia lile lile nyuma, mpaka mkunjo wa pazia ni ule ule. Alikuwa ni mtu wa mjini tu, analipwa kukaa studio. Tangu siku hiyo, maelezo ya chini ya picha nayaamini kidogo kuliko zulia.

Nilipomaliza, furaha ikanitoa akili. Nikampelekea Hajj zile za Sphinx, nikamfunulia siri yote ya pengo na saruji, kidole kwenye kadi, dakika ishirini nzima. Akasikiliza vizuri sana. Akaniagizia na chai.

Ijumaa iliyofuata nikapita. Kwenye kibanda pana trei mbili mpya za Sphinx, kila moja na kikaratasi. Moja kimeandikwa "baada ya saruji", bei ya zamani. Nyingine "kabla ya saruji", mara tatu yake. Nikamuuliza, Hajj, hata mimi? Akaniambia, "Wewe mwanangu ndiye unayejua thamani yake."