Vipande vitano

Nilitoroka Arua kwa basi la usiku, nikiwa na miaka 16 na kavera moja, mfuko wa plastiki, ya nguo. Baba alishapokea ng'ombe wa mahari yangu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema ndoa ni kuanzia miaka 18, ila wakati ule sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba yule mzee simtaki.

Kiganda sikukijua. Nikaangukia Kisenyi, mtaa wa Kampala, kwenye vinu vya mahindi, kwa sababu huko nilisikia Kiswahili, lugha tuliyolelewa nayo na baba aliyekuwa askari. Kazi yetu wanawake ilikuwa kupepeta. Vumbi la mahindi linakuingia puani, kwenye nyusi, kooni. Usiku nilikohoa mpaka mbavu zikauma. Tulilala wasichana watano katika muzigo mmoja, chumba kimoja cha kupanga, karibu na mtaro wa Nakivubo. Mvua ikizidi, tulisimama juu ya matofali, nguo kichwani, tukisubiri maji yatoke chumbani.

Kijana wangu alibeba marobota ya mitumba katika soko la Owino. Alikuwa na miaka 18. Jioni alinunua kikomando kimoja, chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharagwe, tukala sahani moja tumesimama. Alikuwa na maneno mengi wakati wa kula. Zilipita wiki nyingi ndipo nikatambua kwamba anaongea ili nisione mkono wake hauendi sahanini. Siku hiyo nililia pale pale, mbele ya muuza chapati.

Pa kukaa pamoja hatukuwa napo. Mapenzi yetu yalikuwa njiani: kutoka vinuni hadi stendi ya zamani ya taksi, tukirudi, tukienda tena, mpaka giza liingie.

Kisha akapata kazi ya utingo kwenye lori la Juba. Alisema wiki mbili. Nilikwenda yanapopakia malori kila jioni kwa miezi mitatu, nikiuliza madereva. Hakuna aliyekuwa na habari zake.

Shangazi, aliyenipokea niliporudi, huniambia, "Mwanangu, wewe ulipenda shibe, hukumpenda yule kijana." Kwa upande wangu huenda ni kweli, nilikuwa na njaa, na sijui mpaka leo ningempenda vipi kama ningekuwa nimeshiba. Kwa upande wake nakataa. Ile chapati ilikatwa vipande vinane. Nilivihesabu. Vitano vilisogezwa kwangu, na aliyebeba marobota tangu alfajiri ni yeye.