Jinsi nilivyowatuliza wanangu wawili usiku wa kaskazi
Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, nyumba yetu ya ghorofa ya juu hapa Majengo huwa tanuri: zege hunyonya jua mchana kutwa, usiku hutoa joto. Wanangu, wa miaka mitano na miwili, walikuwa wakilia na kugombania feni hadi usiku wa manane. Masikini, jasho likiwatiririka!

Nilishusha godoro sakafuni, nikalisogeza kwenye dirisha la kaskazini mashariki, upepo unakotoka, nikawalaza kwa upana wake ili vichwa vyote viwili vipate hewa. Chandarua nakichomeka pande zote. Jioni nawaogesha maji ya mtungi. Poda siwapaki: ikichanganyika na jasho huganda shingoni, na vipele huzidi.

Saa tatu wamelala fofofo, nami napata kuzungumza na baba yao.