Nilivyopata wakala na kazi za matangazo Dar bila urefu wa modo

Mtaani ukisema unafanya umodo, watu wanamwazia Flaviana Matata: mrefu, mwembamba, kichwa kipara, yule aliyetuwakilisha Miss Universe mwaka 2007 akaingia kumi bora. Mimi nina sentimita 158 na mtoto wa darasa la tatu. Majukwaa ya mavazi sikuwahi kuyatafuta. Kazi yangu ni matangazo ya biashara: sabuni, unga, benki, simu. Huko wanatafutwa mama wa jikoni, babu mcheshi, dereva wa bodaboda, muuza duka. Mteja anataka mtazamaji akiona aseme, "huyu kama dada yetu wa pale mtaani."

Kabla ya wakala, yaani yule anayekutafutia kazi hizi, nilitafuta kwanza nani anayatengeneza matangazo ninayoyaona kwenye TV. Mwenye bidhaa hachagui sura mwenyewe tangu mwanzo. Anaipa kazi kampuni ya matangazo, nayo inakodi watayarishaji wa video, na hao ndio wanaomtafuta mtu wa kasting, yaani wa kuchagua sura, ambaye sasa anawapigia mawakala. Waongozaji na wapiga picha wengi huweka kazi zao Instagram na kuwataja wote walioshiriki. Nikawa nafuata majina yale mmoja mmoja, nawatumia picha zangu za harusini. Wakubwa walikuwa kimya. Aliyenijibu ni dada mmoja mpambaji wa Sinza: "Mdogo wangu, hizi picha za harusi hazinisaidii. Nitumie sura yako."

Basi nikapiga picha upya kwa simu, asubuhi, nikiwa nimelielekea dirisha na nyuma yangu ukuta mweupe. Fulana nyeusi isiyo na maandishi, jinzi, nywele nimezibana, sina wanja wala filta. Mbele, ubavu, nyuma, kichwa hadi miguu, moja nacheka meno yote yanaonekana, na moja ya viganja. Viganja ni kazi kamili: kwenye tangazo la sabuni au simu kamera hukaa mikononi muda mrefu kuliko usoni, kwa hiyo kucha fupi na safi zinalipa. Nikaongeza video fupi nikitaja jina, umri, urefu na lugha ninazozungumza, kisha nikageuka kushoto na kulia. Chini nikaandika vipimo vya nguo, namba ya viatu, na kwamba najua kuendesha gari.

Yule dada akanielekeza kwa mawakala. Ofisi ya kwanza ilitaka ada ya usajili, na picha nipigwe na mpiga picha wao kwa pesa yangu. Nikawashukuru nikaondoka. Wakala anakula kamisheni, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20, na anaikata mteja akishalipa. Anayekutoza kabla ya kazi anaishi kwa pesa ya wanaotafuta, na hana haraka ya kukutafutia chochote. Wakala niliye naye mpaka leo hakuniomba hata shilingi. Aliniuliza kama nimewahi kuonekana kwenye tangazo lolote, la bidhaa gani, na mkataba wake unaisha lini. Maswali hayo yalinifanya nimwamini.

Usaili wa tangazo la majani ya chai ulikuwa chumba kidogo Mikocheni: taa mbili, kamera, alama ya gundi sakafuni pa kusimama. Nikaambiwa ninywe chai kwenye kikombe kitupu. Nikakishika kwa mikono miwili, nikapuliza, nikasubiri kidogo, ndipo nikapeleka mdomoni, maana chai ya maziwa iliyotoka jikoni hakuna anayeigida hivi hivi. Mwongozaji akasema, "Rudia hiyo ya kupuliza." Kazi nikaipata. Nawaambia wenzangu kila siku: ukifika pale usijipange kupendeza, fanya kile ambacho mwili wako unakifanya nyumbani.

Sehemu ninayotaka kila anayeanza aisome mara mbili ni mkataba. Siku ya kushuti inalipwa, sawa, lakini pesa yenyewe iko kwenye matumizi ya sura: TV tu, au na mabango na mitandao? Tanzania, au na nchi jirani? Miezi 6, au mwaka? Na je, umezuiwa kufanya tangazo la mshindani muda huo? Ukizuiwa, hilo nalo linadaiwa malipo. Tangazo moja la simu lilikuja na mkataba ulioandikwa "muda wote, mahali popote". Wakala wangu alikata maneno yale kwa kalamu, akaandika mwaka mmoja, Tanzania, akairudisha karatasi. Walikubali. Mwaka ulipoisha wakataka kuendelea na bango, wakalipa tena, na mimi sikurudi hata mbele ya kamera. Tangu kuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nashikilia zaidi ridhaa yangu iandikwe wazi wazi.

Malipo huchelewa. Mwezi mmoja ni kawaida, miwili pia, kwa hiyo kodi ya nyumba usiipangie pesa ya tangazo ambalo bado liko hewani. Kuwa na TIN, namba ya mlipakodi, TRA wanaitoa bure, na ukikatwa kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukupa pesa, dai cheti chake hapo hapo na ukitunze. Nakala ya mkataba pia kaa nayo wewe mwenyewe, hata kama wakala ni mtu wako wa karibu. Mimi zangu nimezipanga kwenye faili kwa tarehe ya kuisha, na mwezi mmoja kabla namtumia wakala meseji: "Bango la pale Mwenge linafika mwisho, waulize kama wanaongeza."