Siku Moja Maishani Mwangu: Golf GTI, Ramani Mbili na Daino Isiyombeba Mtu

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya kugusa gari lolote naangalia kituo kidogo cha hali ya hewa kilichofungwa ukutani karibu na rola: joto, unyevu, mgandamizo wa hewa. Daino, yaani mashine ya rola inayopima nguvu za gari likikimbia mahali pamoja, hutumia vipimo hivyo vitatu kusahihisha matokeo, na sensa ya joto ikipigwa na jua, siku nzima utagawa farasi wa bure, yaani nguvu za farasi ambazo injini haina. Kisha nawasha feni. Wageni wakija hapa hupiga picha rola. Mimi ukiniuliza kifaa gani siwezi kukosa, nitakutajia feni, tena ile kubwa yenye kelele, kwa sababu gari linalokimbia mahali pamoja halina upepo wake.

Saa 2:00. Mteja amefika na Golf GTI ya kizazi cha saba, gia za mkono. Injini ni EA888 ya lita 2.0 yenye tabo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kiwandani hutoka na farasi 220 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 350, lakini hii ilishabadilishiwa zamani ramani ya kompyuta, yaani mipangilio inayoiongoza injini. Ananikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne, kutoka daino nyingine.

"Fundi, hapa ni farasi 305. Leo nimekuja na ramani mpya ya fundi mwingine, tuone itafika ngapi."

Kwenye karatasi, chini kabisa kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba hizo ni nguvu za injini, kwa kiwango cha DIN. Nimekunja karatasi, sikusema kitu. Daino itasema.

Saa 3:00. Kufunga gari. Upepo wa tairi za mbele sawa pande zote, mikanda ikazwe kiasi kilekile kila mara, maana ukikaza zaidi tairi inajibana kwenye rola na kula nguvu. Kidhibiti cha kuteleza kinazimwa, la sivyo kompyuta itaona magurudumu ya mbele yanakimbia na ya nyuma yamelala, ishtuke. Gia ni ya nne kwa kila kipimo. Ukitumia gia ndogo, injini inapanda haraka mno na tabo haipati muda wa kujaa.

Saa 4:00. Nimeanza na ramani ya kiwandani, ambayo mteja aliiona ni kupoteza muda. Bila msingi huo, namba yoyote itakayofuata inaning'inia hewani. Imetoa farasi 198.

"Kaka, mashine yako inabania!"

Haibanii. Inapima kwenye magurudumu, yaani kilichobaki baada ya giaboksi, ekseli na tairi kuchukua chao. Ile 305 yake ni makadirio ya kilichopo kwenye injini, kwa kurudishia hasara hizo juu. Halafu kuna viwango vya kusahihisha: DIN 70020 huchukulia hewa ya nyuzi 20 na milibari 1013, SAE J1349 nyuzi 25 na milibari 990. Kwa kubadilisha kiwango tu, gari lilelile linaweza kupanda kwa takriban asilimia 3 bila mtu kushika spana. Tena injini za tabo husumbua hesabu hizi, kwa sababu kompyuta yenyewe huongeza bosti, yaani msukumo wa hewa ya tabo, hewa ikiwa nyepesi, kisha daino nayo inaongeza juu yake.

Grafu yenyewe lakini ilikuwa safi. Torki imelala bapa hadi mizunguko 4400, halafu nguvu inashika ubapa kuanzia 4500. Chukua Nm 350, zidisha kwa 4400, gawanya kwa 9549: unapata kilowati 161, ambazo ni karibu farasi 220. Wahandisi wa Volkswagen walichora mstari huo kwa makusudi.

Saa 5:30. Zamu ya ramani ya zamani, ile ya 305. Mbio ya kwanza: farasi 262, torki Nm 430. Mteja amepiga kofi, msaidizi wangu naye. Nikarudia bila kusubiri: 255. Nikarudia tena: 246.

Hapa ndipo nilipofungua data za kompyuta ya gari. Hewa inayoingia kwenye injini ilianza nyuzi 36, sasa iko 57. Silinda ya tatu inachelewesha cheche kwa digrii 6, ya kwanza digrii 4. Maana yake sensa zinasikia injini inagonga, yaani mafuta yanajilipukia vibaya ndani ya silinda, na kompyuta inarudi nyuma kuiokoa.

"Unaweka petroli gani?"

"Ninayoikuta."

Iliyopo kwenye tangi ni oktani 95; oktani ni kipimo cha petroli kuhimili kugonga. Ramani hii iliandikwa kwa oktani 98. Kwa hiyo ile 262 ni ya mbio moja, intakula (kipoza hewa ya tabo) ikiwa bado imepoa, na ya mafuta ambayo mwenye gari hanunui.

Tena kuna la pili. Torki ilipofika kileleni, karibu mizunguko 3000, mstari wa mizunguko uliruka kwenda 3300 huku mwendo wa rola ukiwa palepale. Msaidizi alidhani ni kebo ya kipimo. Nikamwambia anuse. Klachi ya kiwandani ilikuwa inateleza.

Saa 7:00. Nimekula nimesimama, feni ikiendelea kupuliza.

Saa 8:00. Ramani ya pili, ile mpya aliyokuja nayo, imeingia. Nimesubiri mpaka hewa ya kuingilia irudi nyuzi 36, maana kulinganisha injini iliyopoa na iliyochemka ni kudanganyana. Farasi 254, torki Nm 385. Mteja amenyamaza. Mbio ya pili 253. Ya tatu 251. Cheche inacheleweshwa digrii 1 hapa na pale, klachi imeshika.

Saa 10:00. Tumekaa mbele ya skrini, grafu mbili juu ya nyingine. Mteja anaangalia kilele tu, na ndivyo wanavyofanya karibu wote. Mimi namwonyesha mizunguko 2500. Ramani ya zamani inapanda kama ukuta pale, na ukiwa barabarani ukakanyaga gia ya sita kwa mwendo mdogo, ndiyo hali inayoalika mchanganyiko kujiwasha kabla ya cheche. Injini ndogo za tabo zenye sindano za moja kwa moja huvunja pistoni kwa njia hiyo. Ramani ya pili inaijaza torki taratibu, halafu kuanzia 5200 inaishinda ile ya zamani hadi mwisho, na pale ndipo mtu anapokuwa baada ya kila kubadilisha gia akikimbiza gari.

Mimi ningechagua ya pili hata klachi ingekuwa mpya.

Saa 11:30 jioni. Amekubali. "Weka ya pili, lakini naomba na ile karatasi ya 262." Nimemchapishia, na pembeni nimeandika kwa kalamu: mbio ya kwanza, intakula imepoa, ya tatu 246. Kabla hajawasha gari ameiweka juu ya boneti na kuipiga picha kwa simu, kidole gumba kimefunika maandishi yangu.