Karatasi moja chini ya mwembe

Miaka mitano nilikuwa na jibu moja kila Mratibu Elimu Kata alipouliza kwa nini Darasa la Tatu hawajui kusoma: vitabu havitoshi. Na ni kweli havikutosha, kitabu kimoja kilishikwa na watoto watano.

Jibu langu lilivurugwa na utafiti wa Busia, Kenya, nilioukuta nikiwa kwenye masomo ya kujiendeleza. Miaka ya 1990 Michael Kremer (yule aliyepata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo) na wenzake walifuatilia shule zilizogawiwa vitabu vya kiada, wakazilinganisha na ambazo hazikugawiwa. Kwa wastani, alama hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale hiyo ni lugha ya tatu.

Niliudhika. Kisha nikawafikiria watoto wangu wa wafugaji, ambao nyumbani wanaongea Kimasai au Kisukuma, Kiswahili wanakikuta shuleni.

Nikaazima njia ya Uwezo, mpango wa Afrika Mashariki unaowapima watoto kusoma majumbani mmoja mmoja. Karatasi moja: silabi, maneno, aya fupi, hadithi fupi. Nikaweka kiti chini ya mwembe, nikawa namwita mtoto mmoja mmoja. Watoto 87 walinichukua siku nne.

Kuna kijana wa dawati la nyuma ambaye siku zote nilisikia sauti yake tukisoma kwa pamoja. Nikampa karatasi. Hakuitazama, alinitazama mdomo. Akangoja nianze. Hapo ndipo nilipoelewa alivyofika Darasa la Tatu: mimi nasoma, wanaojua wanadakia, naye anaokota mwisho wa kila neno. Wenzake wa namna hiyo walikuwa 31.

Pembeni ya majina nikaandika mambo mengine: anatoka wapi, anakaa na nani, anafika saa ngapi. Walioishia kwenye silabi wengi walikuwa wa ng'ambo ya mto, na mabinti wanaochota maji kwanza ndipo waje shule. Nilikuwa nawaita wazito. Jina hilo nimeliacha.

Mpango nilioufuata baada ya kupima ni wa Pratham, shirika la elimu la India: kwa muda fulani kila siku, watoto wanakaa kwa kile wanachoweza, si kwa darasa. Mwalimu wa Darasa la Nne alikubali tuunganishe watoto wetu kwa saa moja, baada ya mabishano marefu kuhusu nani atamaliza muhtasari. Wanaosoma hadithi tuliwaachia vile vitabu vichache, na kwao vilitosha kabisa. Mimi nikachukua wa silabi.

Nilikosea mwanzoni. Makundi niliyaita A, B, C, D, na siku ya pili uwanja mzima ulikuwa unaimba "Kundi D!" Binti mmoja wa miaka kumi na moja, aliyewekwa kundi moja na watoto wadogo kuliko yeye, akaacha kuja. Nilimfuata kwao jioni, mama yake akaniambia, "Mwalimu, umemwaibisha." Nikaomba radhi. Tangu hapo makundi yanaitwa kwa mahali yanapokaa, wa mwembeni na wa barazani, na mahali penyewe panabadilika kila wiki.

Kadi za silabi nilikata kwenye makatoni ya sabuni. Tulianza na ma, ba, ka. Yule kijana wa nyuma alikataa "kaka" na "baba". Alitaka kuandika ng'ombe. Nikamwambia hiyo ng' ni ngumu, tutaifikia. Akasukuma kadi zangu pembeni. Basi tukaanza na ng'ombe, tukatumia siku mbili kwa ile alama ya juu tu, na siku ya tatu aliandika chini kwa kijiti: ng'ombe amezaa. Akasoma mwenyewe, safari hii bila kunitazama mdomo.

Baada ya miezi mitatu nikapima upya kwa karatasi ya namna ile ile. Kati ya wale 31, tisa tu ndio waliobaki kwenye silabi. Mratibu akaomba chati, nikamchorea.

Halafu masika yakaja, mto ukajaa, watoto wa ng'ambo hawakuonekana wiki tatu. Waliporudi nikaweka tena kiti chini ya mwembe. Wawili waliokuwa wanasoma aya walikuwa wameshuka hadi maneno. Nikatoa zile kadi za makatoni, tukaanzia hapo.