Nilichelewa kwa kuwahi

Kazi yangu ni kubebesha miche. Nakata kikonyo kwenye mti wenye sifa, nakichomeka kwenye shina la mche uliotoka kwenye mbegu, nafunga kwa ukanda wa nailoni, nasubiri. Miaka ishirini na kitu sasa. Kwa hiyo mdogo wangu, ambaye anafanya kazi Tokyo ya kutunza wazee, aliponiambia, "Kaka, njoo uone sakura," yaani maua ya micheri yao, sikuwaza uzuri wa maua hata kidogo. Niliwaza: miti yote hiyo wanaizalishaje?

Nilitua Narita Jumamosi, 23 Machi 2024. Tulipofika kwake, kabla sijanywa hata maji, akanikagua kama askari wa geti.

"Kisu chako cha kubebeshea umekuja nacho?"

"Kiko kwenye begi kubwa."

"Basi kitakaa humo humo mpaka siku unaondoka."

Nikadhani ananitania. Kumbe Japani kutembea na kisu chenye makali ya zaidi ya sentimita 6 bila sababu ya maana ni kosa la jinai, na hata kidogo kuliko hapo kinaweza kukuweka pabaya. Sababu yangu, alisema, haitamwingia polisi yeyote kichwani. Nilitembea wiki tatu mfuko ukiwa mwepesi upande mmoja, mkono ukipapasa kitu ambacho hakipo.

Sakura nayo haikuwepo. Utabiri wa awali ulikuwa umesema maua yangefunguka mapema, nami nikapanga safari kwa utabiri huo. Baridi ya Machi ikayarudisha nyuma. Nilikuta matawi yamejaa vifundo vya kijani vyenye ncha ya waridi, vimefumba kama ngumi za mtoto aliyelala. Watalii wenzangu walikuwa wanapiga picha za matawi matupu kwa huzuni. Mimi nilifurahi, sikatai. Mti usio na maua ndio unaokuonyesha shina.

Wenyewe hawabahatishi katika jambo hili. Idara ya hali ya hewa ina mti wake maalumu ndani ya eneo la hekalu la Yasukuni, Tokyo. Ofisa anakuja anahesabu. Maua yakifika matano au sita, anatangaza *kaika*, yaani yamefunguka, na kamera zote zinamwelekea yeye. Asilimia 80 zikifunguka inatangazwa *mankai*, yaani yamejaa. Mwaka huo kaika ilitangazwa tarehe 29 Machi na mankai tarehe 4 Aprili. Mdogo wangu alipata habari akiwa kazini, akanitumia ujumbe wa neno moja: "TAYARI!"

Katika zile siku za kusubiri nilienda Komagome, kituo cha treni ya Yamanote kaskazini mwa jiji, kwa sababu moja tu. Hapo jirani ndipo kilipokuwa kijiji cha Somei, kijiji cha watu wa bustani na miche enzi Tokyo ikiitwa Edo. Sakura iliyotapakaa karibu kila mahali nchini inaitwa Somei Yoshino, na jina linatoka kwa hao wauza miche. Ni chotara wa aina mbili, Edohigan na Oshima. Na hapa ndipo nilipokaa kwenye benchi nikacheka peke yangu: yote imebebeshwa. Mamilioni ya miti, toka kusini hadi kaskazini, na wote kwa asili ni mti mmoja, kikonyo kilichokatwa, kikakatwa tena, kizazi baada ya kizazi. Hauzai mwana kwa mwenzake, maana mwenzake ni yeye mwenyewe. Ukitaka mwingine lazima aje mtu mwenye kisu.

Ndiyo maana mtaa mzima unachanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Wageni wengi wanaona ni maajabu ya roho ya mahali. Mimi nikaona wenzangu wa kazi.

Karibu na kituo hicho kuna bustani ya Rikugien, iliyokamilika mwaka 1702, kiingilio yeni 300. Ina sakura moja kubwa ya aina ya matawi yanayoning'inia, hufunguka mapema kidogo kuliko Somei Yoshino. Nilipofika ilikuwa imeanza. Watu walikuwa wameizunguka kimya kabisa, kama wako wodini. Nikainama kutafuta kovu la kubebesha chini ya shina. Mama mmoja mzee akanitazama, akatazama ninapotazama, akainama na yeye. Tukainama wawili. Hakuona kitu, akanipa tabasamu na kuondoka.

Kuhusu ukimya: kwenye treni hakuna anayeongea na simu. Nilipiga chafya mfululizo kwenye behewa, saba nilizihesabu, na nilihisi kama nimevunja sahani harusini. Zile chafya zilikuwa na sababu. Baada ya vita Wajapani walipanda misitu mikubwa ya mierezi yao, *sugi*, kwa ajili ya mbao, na sasa kila machipuko chavua yake inashuka mijini kama vumbi la unga. Nusu ya barakoa unazoziona Machi si za mafua wala hofu, ni za chavua. Mdogo wangu ana dawa yake, ana matone ya macho, ana barakoa. Mimi nilikuwa na leso.

Jumamosi ya tarehe 6 Aprili tukaenda Ueno na wenzake wa kazini kwa *hanami*, kutazama maua. Kutazama ni jina tu. Wana msemo wao, *hana yori dango*, vitumbua vya mchele kuliko maua, na Ueno unauona msemo huo umekaa chini unakula. Turubai za buluu zimetandikwa chini ya miti, ukingo kwa ukingo. Kuna kijana alitumwa tangu alfajiri kushika nafasi. Alikuwa ameanza kazi Jumatatu tu, tarehe 1 Aprili. Japani mwaka wa kazi unaanza siku hiyo, ndiyo maana wiki ile treni zilijaa vijana wa suti nyeusi zinazofanana, shati jeupe, begi jeusi, wote wameingia ajira siku moja. Sikusema kitu, lakini nilitazama suti, nikatazama Somei Yoshino, nikanywa chai yangu.

Sasa, turubai lile ni sakafu. Viatu unavua ukingoni, unavipanga. Hilo mdogo wangu hakunikumbusha. Nilivua, na kidole gumba cha mguu wa kulia kikatoka nje ya soksi kusalimia idara nzima. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo tabu ilipo: hakuna aliyecheka. Wote walitazama maua kwa bidii ambayo hawakuwa nayo dakika moja iliyopita. Nikakunja mguu chini ya paja kwa saa tatu. Kesho yake nilikuta jozi tatu za soksi mpya mlangoni, na mdogo wangu hakusema neno. Amekaa huko muda mrefu.

Walinipa *sakura mochi*, donge la mchele la rangi ya waridi lenye maharagwe matamu ndani, limefungwa kwa jani la sakura lililokaa kwenye chumvi. Jani ni la aina ya Oshima, yule mzazi mmoja wa chotara. Nikauliza kama jani linaliwa. Meza nzima, yaani turubai zima, ikagawanyika. Bosi anakula, naibu wake anabandua, kijana wa Jumatatu alisubiri aone bosi anafanyaje. Mimi nilikula. Lina chumvi na harufu inayokaribia ya nyasi kavu zilizokatwa jana, na bila hilo jani donge lenyewe ni sukari tu.

Tulipomaliza, kila mtu alibeba taka zake. Mapipa ya taka barabarani ni machache mno; mengi yaliondolewa baada ya shambulio la sumu ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995, na watu wakazoea. Nilirudi nyumbani na ganda la chungwa mfukoni, upande ule wa kisu.

Nilimuuliza naibu bosi, kupitia kwa mdogo wangu, mbona miti mingi haijapogolewa. Akanipa methali: mjinga hukata sakura, mjinga hakati *ume*. Ume ni jamaa yake plamu, huchanua kabla. Sakura ukiikata ovyo kidonda kinaoza. Lakini nikasoma baadaye kwamba huko Hirosaki, kaskazini, kwenye nchi ya matufaha, watunza bustani waliamua kuipogoa kama wanavyopogoa matufaha yao, na wanayo Somei Yoshino yenye zaidi ya miaka 100 ambayo bado inachanua. Hirosaki sikufika. Inaniuma hadi leo.

Kyoto nilipita siku moja, na siku moja ya Kyoto wakati wa sakura ni kutazama visogo vya watu. Kuna vichochoro vya binafsi mtaa wa Gion ambavyo wageni tumekatazwa kuingia, faini yeni 10,000, baada ya watalii kuwakimbiza wasanii wa kike kwa kamera. Nilipoona msongamano ule niliwaelewa wenye mtaa. Nikarudi Osaka nilikolala.

Osaka ilinichanganya kwa kitu kidogo. Kwenye ngazi za umeme za Tokyo unasimama kushoto, wenye haraka wanapita kulia. Nilikuwa nimeshajifunza, najiona mwenyeji. Osaka wanasimama kulia. Nilisimama kushoto kwa fahari kubwa mpaka nikasikia nyuma yangu msururu wa watu waungwana wanaovuta pumzi.

Jumatano ya tarehe 10 nikapanda treni ya Kintetsu kituo cha Abenobashi kwenda Yoshino, saa moja na robo hivi kwa treni ya kasi. Hii ndiyo sehemu niliyokuwa naisubiri. Yoshino ni mlima katika mkoa wa Nara wenye sakura zipatazo 30,000, na si Somei Yoshino, jina lisikudanganye. Wauza miche wa Edo waliliazima jina la mlima kwa sababu linauza. (Nani kati yetu hajafanya hivyo?) Za mlimani ni sakura za porini, *yamazakura*, na zinatoka kwenye mbegu. Kila mti ni mtu wake. Mmoja mweupe, jirani yake ana waridi, wa tatu ametoa majani mekundu kama shaba pamoja na maua, wa nne bado anafikiria.

Asili yake ni dini. Inasimuliwa kwamba En no Gyoja, mtawa wa milimani wa kale, alichonga sanamu ya Zao Gongen, mungu anayeabudiwa mlimani hapo, kwa mti wa sakura, na tangu hapo waumini wakawa wanapanda sakura kama sadaka. Hekalu la Kinpusen-ji lipo katikati ya mji mdogo ulioshikilia mgongo wa mlima, na ukumbi wake mkubwa umeshikwa na nguzo za magogo ambayo hayakunyooshwa sana, ni miti iliyobaki miti. Nilivua viatu pale mlangoni bila wasiwasi wowote.

Mlima umegawanywa sehemu nne kutoka chini kwenda juu: Shimo, Naka, Kami na Oku, kila moja ikiitwa "miti elfu". Maua hupanda mlima taratibu, kwa hiyo aliyechelewa chini anawahi juu. Siku ile Shimo ilikuwa inapukutika, petali zinashuka hata bila upepo, zinakaa kwenye mabega ya watu. Kami imejaa. Nilikaa penye uwazi wa Hanayagura, nikatazama bonde lote na paa la hekalu chini, na kwa mara ya kwanza safari nzima nikasahau kuangalia mashina.

Oku, juu kabisa, ni msitu wa sugi zaidi kuliko sakura, na chafya zikaanza upya. Nilikuwa nasubiri basi la kushuka pamoja na mzee mmoja aliyevaa kofia ya shamba na viatu vya mpira. Akaniuliza kitu. Nikampa simu itafsiri. Alitaka kujua kazi yangu. Simu haikuwa na neno, kwa hiyo nikaonyesha kwa vidole: kidole kimoja kikonyo, vidole viwili mpasuo, nikachomeka, nikafunga kwa ukanda wa hewa.

"*Tsugiki!*" akapiga goti lake. Ndilo neno lao la kubebesha.

Alikuwa mkulima wa *kaki*, matunda ya rangi ya chungwa ambayo mkoa ule unayatoa kwa wingi, na hayo hubebeshwa. Akafungua kitambaa akanipa kipande cha mchele na samaki kilichofungwa kwa jani la kaki. Nikabandua jani nusu, nikamtazama, akatikisa kichwa: hili haliliwi. Kisha akatoa kalamu na kuchora nyuma ya ratiba ya basi namna anavyokata. Shina nene, kikonyo chembamba, na mstari mahali ngozi za ndani zinapokutana. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina huwezi kukiweka katikati, lazima ukisogeze upande mmoja ngozi zigusane. Aliugonga upande wa kulia wa mchoro mara tatu kwa kalamu.

Nikatikisa kichwa. Nikachukua kalamu, nikagonga kushoto.

Akagonga kulia. Mimi kushoto. Tuliendelea hivyo mpaka basi likafika, na ndani ya basi alikaa siti ya nyuma yangu akanigusa bega, akanionyesha tena kulia.